Lithiamu kutoka betri chakavu: mwongozo kamili kwa mkusanyaji wa Uganda

Akija mtu kukuambia kwamba unaweza kuchuna lithiamu uani kwako Ndeeba, Kampala, kwa beseni la plastiki na tindikali ya betri ya gari, mwulize ameshauza kilo ngapi, na alimwuzia nani. Seli moja ya 18650, ile ya mviringo inayojaa ndani ya laptopu za zamani na pawabenki, ina uzito wa gramu 45 hivi. Lithiamu iliyomo ni kama gramu moja. Tani nzima, yaani seli 22,000 na ushee, ina kilo ishirini na kitu za lithiamu, ambazo zikitolewa zote bila kupotea chembe huwa kilo mia na kidogo za kabonati ya lithiamu, ule unga mweupe unaouzwa sokoni. Kabonati hiyo ilipita dola 70,000 kwa tani mwishoni mwa 2022. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imeporomoka chini ya 15,000. Piga hesabu: kwa bei ya 2024, lithiamu ya seli elfu ishirini na mbili ni kama dola 1,500, na hapo hujalipia kemikali, maji, moto wala hospitali.

Kwa hiyo mkusanyaji halishwi na kuchuna madini. Analishwa na kuchambua. Seli iliyo hai anaiuza kama seli, na iliyokufa anaifikisha salama kwa mwenye kiwanda ikiwa imetengwa kwa aina yake. Kazi ya kupata lithiamu inaanzia kwake, ila haimalizikii kwake. Tufuate njia hiyo tangu gunia la taa mbovu za sola hadi mahali unga mweusi wa betri zilizosagwa unapogeuka kabonati.

## Ijue betri kabla ya kuipenda bei yake

Ndani ya betri ya kuchajiwa hakuna kipande cha lithiamu unachoweza kukibandua, kama mtu anavyobandua risasi kwenye betri ya gari. Lithiamu imo ndani ya unga uliopakwa juu ya karatasi nyembamba ya alumini, upande wa chanya. Upande wa hasi ni grafiti juu ya karatasi ya shaba. Kati yao kuna utando wa plastiki, na vyote vimeloweshwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Ule unga wa chanya ndio unaoamua bei, na ndio unaoamua ukali wa moto.

Betri bapa za simu na tableti, pamoja na nyingi za laptopu za zamani, zina unga wa kobalti. Kwa uzito, asilimia 60 ya unga huo ni kobalti tupu. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi na Likasi, husafishwa zaidi China, kisha huturudia mfukoni ndani ya simu. Wanunuzi wa chakavu wanazipenda betri hizi kuliko zote.

Aina ya pili imechanganya nikeli, manganizi na kobalti. Utaikuta kwenye drili za betri, baiskeli za umeme, na seli za mviringo za miaka ya karibuni. Bei yake iko katikati.

Ya tatu ni ya chuma na fosfati. Hii ndiyo imejaa Uganda sasa: taa za sola, mitambo ya sola ya nyumbani, pikipiki za umeme. Huvumilia chaji nyingi, haina hasira kama zile mbili, lakini haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo ikishakufa mnunuzi anainunua kwa bei ya kutupa, au anakutaka wewe ulipe ili aichukue. Shika jambo hili, kwa sababu litabadilisha hesabu yako yote: betri ya fosfati ina thamani ikiwa hai.

Kuzitenganisha, soma maandishi. Penye 3.6V au 3.7V ni zile mbili za kwanza, na hujazwa hadi volti 4.2. Penye 3.2V au LiFePO4 ni fosfati, na hujazwa hadi 3.65 tu. Kama karatasi imebanduka, pima seli iliyolala tangu jana. Ikisoma zaidi ya 3.65, si fosfati, maana fosfati iliyotulia haikai juu ya 3.4 au karibu na hapo. Ikisoma 3.2 au 3.3, bado hujui kitu: huenda ni fosfati yenye nusu ya chaji, huenda ni ya kobalti iliyokaribia kuisha. Ichaji polepole, ukisimamisha kwenye volti 3.6, kisha iache ilale usiku kucha. Asubuhi fosfati itakuwa imeshuka hadi 3.35 hivi, na nyingine zitakuwa pale pale kwenye 3.6 au chini yake kidogo. Usijaribu njia ya mkato ya kuipeleka seli usiyoijua hadi 4.2.

Gunia pia litakuletea wageni. Betri za gari za risasi zina soko lake, wapelekee wa risasi, na hakikisha hakuna betri ya lithiamu iliyojificha humo, kwa sababu ikiingia kwenye tanuru la risasi inalipuka. Seli za volti 1.2 ni za nikeli, baadhi zina kadimi ambayo ni sumu, zitie kwenye chombo chake. Na vile vibetri vya duara kama shilingi, vilivyoandikwa CR2032 na mfano wake, ndani yake mna lithiamu halisi ya metali. Viwekee chupa kavu yenye kifuniko, na kila kimoja kibandikwe tepu juu na chini. Mtoto akikimeza kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Hapo ni kukimbilia hospitali, hakuna kungoja kitoke chenyewe.

## Mahali pa kazi

Usikodi chumba cha ndani. Tafuta kibanda chenye paa, pande mbili wazi, sakafu ya saruji, mbali na mahali watu wanapolala, mbali na muuza petroli na mafuta ya taa. Jua la mchana lisifike kwenye mzigo.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Mita ya umeme inayosoma hadi sehemu ya mia ya volti. Chaja yenye kioo inayopima uwezo wa seli, iwe na chaguo la 3.7 na la 3.2, maana nyingi zinazouzwa mjini ni za 3.7 peke yake. Tepu ya umeme, nyingi kuliko unavyodhani. Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira, koleo la mpini wa plastiki. Mapipa ya chuma yenye vifuniko visivyokazwa hadi kubana hewa. Mchanga uliochekechwa na kukaushwa juani mpaka usishikane mkononi. Na maji: pipa la lita mia mbili lililojaa, na ndoo mbili kando yake.

Wengi hushtuka wakisikia maji. Mafundi wanaambiana kwamba lithiamu na maji ni mlipuko, na ni kweli kwa lithiamu ya metali, ile ya vibetri vya duara visivyochajiwa. Betri ya kuchajiwa ni jambo jingine. Inapowaka, tatizo ni joto linalojizalisha lenyewe ndani, likiruka kutoka seli hii hadi jirani yake, na kinachopoza joto ni maji mengi. Mchanga unazuia cheche zisiruke, lakini haupozi. Betri iliyofukiwa huendelea kuungua chini kwa chini. Kwa hiyo seli moja ikianza kufoka moshi, isogeze kwa koleo refu hadi nje kama unaweza, mwagia maji na uendelee kumwagia hata baada ya moto kuzimika. Likishika pipa zima, toka, simama upande upepo unakotokea, piga 999 au 112. Moshi huo una gesi ya haidrojeni floraidi, inayochoma mapafu na kuendelea kudhuru hata mtu akishajisikia nafuu. Kitambaa cha pua hakizuii.

## Kukusanya

Kampala vyanzo vinajulikana. Mafundi simu wa Mutaasa Kafeero Plaza na William Street wana vikopo vya betri zilizovimba chini ya meza, na wengi watafurahi ukiwaondolea. Vijana wa chakavu wa Kisenyi na Katwe wanazipata kwenye kompyuta wanazovunja. Nje ya mji, angalia makazi ya wakimbizi kama Nakivale kule Isingiro na Kyangwali kule Kikuube, ambako maelfu ya nyumba huwasha taa za sola, na ambako Kiswahili kitakufikisha kwa Mkongo na Mrundi bila mkalimani. Wafundishe wanaokuletea mambo mawili tu: wasipige nyundo, na wasitoboe betri iliyovimba ili itoe hewa. Tabia hii ya pili ni ya mafundi wetu kabisa, na imeshachoma meza nyingi.

Pikipiki za umeme zina mtego wake. Nyingi zinaendeshwa kwa mpango wa kubadilishana betri kituoni, na betri ni mali ya kampuni, dereva amekodi tu. Mtu akikuletea moja usiku kwa bei ya kuchekesha, umenunua mali ya wizi yenye namba ya utambulisho. Betri hizo zifuate kwa wenye kampuni, kwa karatasi.

Kinachoachwa kinaishia kwenye taka. Jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya thelathini, kosa lilikuwa la mlima wa taka wenyewe, lakini yeyote aliyewahi kufanya kazi jalalani anajua kwamba betri iliyobanwa na tingatinga ni kiberiti.

## Kuchambua: hapa ndipo pesa ilipo

Anza kwa macho na pua. Iliyovimba, iliyobonyea, yenye kutu kwenye kichwa, iliyochanika, au inayotoa harufu tamu kama rangi ya kucha, haiendi mezani. Inaingia moja kwa moja kwenye pipa la wagonjwa, ikiwa imefukiwa kwenye mchanga mkavu, kila moja peke yake. Wala usijaribu kuifyonza chaji iliyobaki.

Zilizopona macho, zipime volti. Kwa seli za 3.7:

Juu ya volti 3.0, inaendelea na mtihani.

Kati ya 2.0 na 3.0, ichaji polepole sana, ampea 0.1 hadi 0.2, mpaka ifike 3.0. Isipopanda ndani ya saa chache, au ikipata joto, ni mfu.

Chini ya 2.0, na hasa iliyokaa hivyo miezi, usiichaji kamwe. Katika volti za chini hivyo, shaba ya upande wa hasi huanza kuyeyuka ndani ya kimiminika. Ukirudisha chaji, shaba hiyo huganda mahali pasipo pake, na inaweza kuunganisha pande mbili kwa ndani. Seli ya namna hii huchaji vizuri tu leo, ikawaka baada ya wiki mbili mfukoni mwa mteja wako.

Kwa fosfati, mpaka wa kuendelea ni 2.5, na wa kutupa ni 2.0.

Hatua inayofuata ni chaji kamili kwa ampea 0.5. Pita kila dakika kumi ukigusa. Vuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe kidole, itoe, iache nje juu ya saruji, kisha itie kwenye pipa la wagonjwa.

Sasa inakuja hatua ambayo karibu kila mtu anairuka kwa haraka ya pesa: kulala. Andika tarehe na volti juu ya seli kwa kalamu ya wino usiofutika, iweke kwenye trei, isiguswe kwa wiki mbili. Seli ya 3.7 iliyojazwa 4.2 ikirudi na 4.1 au zaidi, ni nzima. Ikirudi na 4.0 au chini, kuna uvujaji wa ndani. Haifai kuunganishwa na nyingine hata kama ina uwezo mkubwa. Kwa fosfati, volti hazisemi mengi kwa sababu hubaki pale pale karibu muda wote wa matumizi, kwa hiyo baada ya kulala pima uwezo wake na ulinganishe na ulioupata mwanzo.

Mwisho, pima uwezo. Chaja yako ifyonze seli tangu imejaa hadi kikomo cha chini, ikuandikie mAh (miliampea-saa, kipimo cha umeme ambao seli inabeba) zilizotoka. Linganisha na maandishi ya kiwandani, si maandishi ya pawabenki za bei rahisi zinazodai 9,900 kwenye seli moja ya 18650. Seli ya ukubwa huo haijawahi kufika hata nusu ya hapo. Mimi hugawa hivi: asilimia 80 kwenda juu ni za kuunda betri kubwa, 60 hadi 80 ni za tochi na redio, kazi isiyovuta umeme mwingi, chini ya 60 ni za kiwandani.

## Maisha ya pili

Taa nyingi za sola hufa kwa sababu ya waya, swichi au kibao cha umeme, seli ikiwa bado ina sehemu kubwa ya nguvu yake. Chukua mfano wa seli nene za fosfati za 32700, ambazo mpya hubeba 6,000 mAh. Kumi na sita kati yake, zenye wastani wa 5,000 zilizobaki, ukizipanga nne nne sambamba (chanya kwa chanya) kisha makundi manne kwa mfululizo (chanya kwa hasi), unapata betri ya volti 12.8 yenye ampea-saa 20. Hiyo ni wati-saa 256, inatosha kinyozi wa kijijini kuwasha taa ya wati 10 na kuchaji simu za wateja jioni nzima, bila kurudi kwenye betri ya risasi inayokufa mwaka wa pili.

Masharti yake hayana mjadala. Usichanganye aina mbili za unga ndani ya betri moja. Kabla ya kuunganisha sambamba, seli ziwe zimekaribiana ndani ya volti 0.05, la sivyo yenye nguvu itaimwagia dhaifu umeme kwa fujo. Kila kundi liwe na jumla ya uwezo inayolingana na makundi mengine. Unganisha kwa ukanda wa nikeli na mashine ya kuchomelea kwa pigo. Risasi ya kulehemu ikiyeyushwa moja kwa moja juu ya seli hupika utando wa ndani. Weka kibao cha ulinzi cha seli nne za fosfati, na fyuzi kati ya betri na mzigo. Kidhibiti cha sola kisivuke volti 14.6, vya zamani vya betri ya risasi vyenye hatua ya kusawazisha huvuka, navyo viache.

Bandika karatasi juu: aina, tarehe, uwezo uliopima, namba yako ya simu. Mteja akija kulalamika, utajua unazungumza naye kuhusu nini.

## Kuzifyonza zilizokufa

Seli isiyofaa bado ina umeme, na safari ya barabara yenye mashimo haitaki mzigo wenye umeme. Ushauri unaozunguka mtandaoni ni kuzitumbukiza kwenye maji ya chumvi. Uuache. Chumvi hula kichwa cha chanya kabla seli haijaisha, halafu seli inaonekana imelala kumbe mlango tu ndio umefungwa. Kizibo cha seli kikioza, kimiminika cha ndani kinavuja, na unabaki na jerikeni la maji yenye floraidi na metali ambalo hujui pa kulimwaga. Kampala mitaro mingi ya katikati ya mji inaishia mfereji wa Nakivubo, mfereji unaishia ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria, na sehemu kubwa ya maji ya bomba la mji inavutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo.

Tumia rezista, kile kipande kinachokula umeme na kuugeuza joto. Kwa seli moja ya mviringo, rezista ya omu 4.7 yenye wati 5, iliyofungwa kwenye kishikio cha seli, huvuta chini kidogo ya ampea moja, na seli ya 2,500 mAh huisha kwa saa tatu hadi nne. Rezista itakuwa ya moto, ikae juu ya kigae. Kwa betri ya volti 12, taa ya mbele ya gari ya wati 55 inafanya kazi vizuri, na utaona kwa macho inavyofifia. Iache seli mpaka, baada ya kupumzika usiku mmoja nje ya rezista, isome volti 2 au chini. Ipige alama nyekundu. Yenye alama nyekundu haichajiwi tena, hata fundi akikuomba kwa kulia.

Betri za pikipiki za volti 48 na 72 sizifungui mimi, na sikushauri. Umeme wake wa moja kwa moja ukipata njia kupitia bisibisi hauachii, unachomelea. Zipeleke zilivyo.

## Kiwandani kunafanyika nini

Inafaa ujue, kwa sababu mnunuzi atakupunguzia bei kwa lugha ya kiwandani.

Betri husagwa ndani ya mashine iliyojazwa naitrojeni, au chini ya maji, ili zisiwake. Zikikaushwa na kuchekechwa, sumaku huondoa chuma, hewa huondoa plastiki, shaba na alumini hutengwa. Kinachobaki ni unga mweusi: grafiti, kobalti, nikeli, manganizi na lithiamu. Unga huu ndio unaouzwa kimataifa, na bei yake hutegemea asilimia ya kobalti na nikeli, halafu lithiamu.

Baadaye unga huyeyushwa kwenye tindikali ya salfuriki pamoja na haidrojeni peroksaidi. Ukali wa tindikali hupunguzwa kidogo kidogo, na kila hatua metali fulani hujitenga: chuma na alumini mapema, kisha shaba. Kobalti na nikeli huvutwa kwa viyeyusho maalumu. Lithiamu hubaki nyuma ya wote, ikielea ndani ya maji. Mwishoni huongezwa magadi, yale yale yanayochimbwa ziwa Magadi kule Kenya, kisha maji huchemshwa. Chumvi nyingi huyeyuka zaidi kwenye maji ya moto, lakini kabonati ya lithiamu hufanya kinyume: lita moja ya maji ya kawaida hubeba gramu 13 hivi, na yakikaribia kuchemka hubeba 7 tu. Kwa hiyo joto lenyewe huiangusha chini kama unga mweupe.

Njia ya zamani zaidi ni tanuru la nyuzi zaidi ya 1,400. Hupata kobalti, nikeli na shaba vizuri, lakini lithiamu huenda na takataka ya tanuru, na kuirudisha ni gharama nyingine. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, katika sheria yake ya betri ya 2023, uliweka kiwango: viwanda virudishe asilimia 50 ya lithiamu ifikapo mwisho wa 2027, na 80 ifikapo mwisho wa 2031. Sheria hiyo haikuhusu moja kwa moja, lakini inaongeza wanaoutafuta mzigo wako.

Kazi ya tindikali na metali si ngeni Uganda. Kasese palikuwa na kiwanda kilichotoa kobalti kutoka lundo la mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, kwa msaada wa bakteria, kuanzia 1999 hadi miaka ya 2010. Maoni yangu ni kwamba hatua ya kwanza ya maana kwetu ni mashine ya kusaga na kutoa unga mweusi, si kiwanda cha kabonati. Ila hata mashine hiyo inahitaji mzigo wa kudumu uliochambuliwa, na huo ndio unaoutengeneza wewe.

## Karatasi, mapipa na barabara

Chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020, kuhifadhi na kusafirisha taka hatari kunahitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mkusanyaji mdogo mwenye pipa moja asijifanye msafirishaji. Amtafute mwenye leseni, amwuzie kwa risiti. NEMA ukiwauliza watakupa majina ya walioruhusiwa. Ukitaka kukua, anza leseni mapema, kabla mzigo haujajaa.

Kuvuka mpaka ni jambo jingine. Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia taka hatari zinazovuka mipaka, na taka hizo haziondoki bila nchi inayopokea na nchi inayopitiwa kukubali kwa maandishi. Mzigo wa kwenda Asia au Ulaya kupitia Malaba na Mombasa unahitaji neno la Kenya pia. Vivyo hivyo kuingiza magunia ya betri mbovu kutoka Kongo kupitia Mpondwe au Bunagana. Undugu na Kiswahili havibadilishi sheria ya forodha.

Kufungasha: kila seli tepu kwenye ncha zote mbili, au kwenye chanya ikiwa ya mviringo na kasha lake halijachanika. Pipa la aina moja, tabaka kwa tabaka, na kitu kikavu kisichopitisha umeme katikati. Wagonjwa wasichanganywe na wazima. Kila mmoja kwenye mfuko wake, ndani ya mchanga mkavu au vemikulaiti, yale madini mepesi yasiyoshika moto. Nje pawe na alama ya bidhaa hatari ya daraja la 9 na namba UN3480, au UN3481 ikiwa betri bado zimo ndani ya vifaa. Kwa ndege usijaribu: betri za lithiamu zinazokwenda kuchakatwa haziruhusiwi bila kibali maalumu cha mamlaka, na zilizoharibika haziruhusiwi kabisa. Mwambie dereva asiegeshe lori juani kutwa akisubiri foleni ya mpaka. Apange kufika usiku.

Kabla pipa halijafungwa, lipime kwenye mizani ambayo mnunuzi naye ameikubali, piga picha ya ndani na ya nje, na uandike kwenye mkataba ni nani anayebeba hasara kama fosfati itapatikana ndani ya pipa la kobalti. Ugomvi mwingi wa bei huzaliwa hapo. Dai pia hati ya kiwanda inayoonyesha kilo zilizopokelewa na tarehe zilipochakatwa, maana NEMA watakapokuja kukagua watauliza mzigo uliishia wapi, na risiti ya dereva wa lori haitajibu swali hilo.